Kabla kijana hajajaza orodha ya vyuo: safari ipi yafaa, na nani aulize

"Mwanangu wa kwanza ana miaka 17, yuko kidato cha nne katika shule ya bweni, nasi twaishi Kisauni, Mombasa. Anataka kusomea uhandisi wa ujenzi, na kila akija likizo wimbo wake ni Juja, Juja, kule Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kana kwamba hakuna chuo kingine. Mimi ningependa awe karibu, Tudor au Kilifi. Babake, ambaye hufanya kazi bandarini kwa zamu, asema kuzunguka vyuoni ni kutupa nauli, kwa kuwa wanaowapanga wanafunzi ni KUCCPS, shirika la serikali la kuwagawia nafasi za vyuo, si sisi. Lakini binamu yangu aliyeko Marekani alimzungusha bintiye vyuo vinane kabla ya kuomba, na asema vyuo huwapendelea waliowahi kufika. Isitoshe, kuna kijana mtaani asema akipewa chochote atatupeleka kwa mtu wa ofisini 'atakayeshika nafasi' mapema. Likizo ya Aprili inakaribia, na tukijibana twaweza kumudu safari mbili. Je, twende? Twende wapi, na tufanye nini tukifika? Mwanangu mwenyewe ameniambia nikifuatana naye nitamwaibisha."

Mama, umeuliza mengi kwa pamoja, nami nitaanza na lile ulilolitaja kwa kupita tu, la yule kijana wa mtaani, kwa sababu ndilo linaloweza kukutoa fedha wiki hii. Hakuna mtu wa kumshikia mwanao nafasi. Nafasi za vyuo vikuu hugawanywa baada ya matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, kutoka, na mgao huo hutegemea alama za mtahiniwa, masomo aliyoyafanya, kozi alizoziorodhesha katika tovuti ya KUCCPS, na idadi ya nafasi zilizopo katika kila kozi. Mwezi wa Aprili mwanao hajaingia hata chumba cha mtihani. Anayekuuzia nafasi wakati huo anakuuzia mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe ni tupu. Mwambie ahsante, kisha ufunge mlango.

Binamu yako naye hakukudanganya. Alisema ya huko aliko. Nchini Marekani kila chuo kina ofisi yake ya udahili, maombi husomwa na watu wa chuo hicho hicho, na baadhi ya vyuo vya binafsi huweka kumbukumbu ya nani aliwahi kufika, nani aliandika na nani alihudhuria mikutano yao, kwa sababu chuo hujaribu kukisia ni nani kati ya watakaokubaliwa atakuja kweli na nani atakwenda kwingine. Huko, kufika kwaweza kuhesabiwa. Hapa kwetu, tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ilipoiunda KUCCPS na kuikabidhi kazi iliyokuwa ikifanywa na Bodi ya Pamoja ya Udahili, wanafunzi hupangwa mahali pamoja kwa alama zao, na mtambo unaopanga haujui kama mwanao aliwahi kukanyaga Juja au aliiona pichani. Kwa hiyo babake amesema kweli, lakini nusu: ziara haitamwongezea mwanao hata pointi moja.

Nusu iliyobaki ni hii. KUCCPS hupanga, lakini haimchagulii mtoto. Humtafutia nafasi katika yale aliyoyaandika, mradi alama zimefika na nafasi zipo. Orodha ni ya mwanao. Na pale anapoijaza ataona jina la kozi, jina la chuo, namba ya kozi, na pointi za klasta, yaani hesabu ya alama za masomo ambayo kozi huyatazama, walizoingia nazo waliomtangulia, basi. Hataona maabara, hataona bweni, wala hataambiwa mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi huamka saa ngapi na hushinda akifanya nini. Nimekaa na vijana wengi wa Mombasa mbele ya ukurasa ule, nikawaona wakichagua kozi kwa utamu wa jina lake, au kwa sababu rafiki wa dawati moja ameiandika. Wachache miongoni mwao hunirudia mwaka wa pili wakiwa wamevunjika moyo, na nadra sana walalamikie chuo. Wanalolalamikia ni kwamba hawakujua kuwa kozi waliyoiandika ndiyo hiyo.

Hapo ndipo nauli yako inapopata kazi. Kijana huenda chuoni kuuliza kama kazi ya kozi hiyo anaiweza na anaipenda, na kama maisha yanayoizunguka anaweza kuyaishi akiwa peke yake. Ukienda kwa nia ya kuona chuo gani ni kizuri, utarudi na habari za majengo na bustani, na majengo hayafundishi mtu.

Sasa wapi. Umetaja Tudor, Kilifi na Juja, nami nitakuwa wazi kwako: Kilifi umeiweka wewe, mama, kwa ajili ya moyo wako. Chuo Kikuu cha Pwani kiko kilomita 60 hivi kutoka mjini, na nimewaona wengi waliotoka pale wakiwa walimu, wauguzi, na wataalamu wa kilimo na viumbe vya baharini, lakini mwanao anataka uhandisi wa ujenzi. Kabla hujapanda matatu ya Kilifi, fungua orodha ya kozi zao uone kama aliyoitaja imo. Ikiwa haimo, safari hiyo haina la kumwonyesha ila daraja la Kilifi, ambalo kwa hakika ni zuri kulitazama. Kanuni hiyo hiyo yafaa kwa chuo chochote utakachotajiwa. Anayetaka uhandisi wa madini, kwa mfano, angefanya vyema kushuka Voi akaone Chuo Kikuu cha Taita Taveta, hata kama hana jamaa huko.

Tudor ni jambo jingine. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho wazee wetu bado hukiita Poli kwa kuwa kilikuwa politekniki kabla ya kupandishwa hadhi na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, kinafundisha uhandisi, na kwenu ni kuvuka daraja la Nyali tu. Usiihesabu hiyo kuwa mojawapo ya safari zako mbili. Ifanyeni kuwa zoezi: mahali ambapo mwanao atajifunza namna ya kutembelea chuo kabla hajakwenda mbali, ambapo akikosea kuuliza leo anaweza kurudi wiki ijayo kwa nauli ya matatu. Tena Tudor hufundisha stashahada pamoja na shahada, na hilo lina maana kubwa kwenu ambayo watu wengi huona haya kuitamka mbele ya mtoto. Shahada huhitaji wastani wa C+ kwenda juu, na uhandisi hudai pia alama nzuri katika hesabu, fizikia na kemia. Pointi za klasta huhesabiwa kwa masomo manne na upeo wake ni 48, na kozi za uhandisi huwaniwa na wengi. Ikiwa alama hazitafika, kijana aliyekwisha kuiona karakana ya stashahada na kuzungumza na wanaoisomea hatalia kana kwamba dunia imekwisha, kwa kuwa atajua njia ile nayo hufika kwenye ujenzi, ingawa kwa mzunguko.

Na Juja? Nenda, mama. Nasema hivi nikijua kuwa ndiko usikotaka aende. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kinafundisha uhandisi wa ujenzi na kina jina katika fani hiyo, kwa hiyo matamanio ya mwanao si ya kitoto. Lakini mahali ambapo kijana hajapaona, na hasa mahali alipokatazwa kupaona, hugeuka pepo kichwani mwake. Akishapanda treni Miritini, akakaa ndani yake saa tano au sita hadi Syokimau, akabadilisha gari kuingia Nairobi, kisha akachukua matatu ya njia ya Thika katikati ya msongamano, akafika Juja na njaa yake, atakuwa ameanza kuijua Juja halisi. Huenda akaipenda zaidi. Hilo nalo ni jibu, na sharti uwe tayari kulipokea kabla hamjakata tiketi.

Kuhusu wakati, nina maoni ambayo si wote katika kazi yangu wanaokubaliana nayo. Wapo wanaosema mpeleke chuo anachokitamani mapema, ili kiu imsukume kusoma, na nimewaona vijana walioamshwa hivyo. Nimewaona vilevile waliorudi shuleni miili yao tu, akili zikabaki kwenye bweni lisilo na kengele, na hesabu zikawashinda muhula wa pili. Kwa familia inayojibana kama yenu, ningeyatenganisha: Tudor likizo hii ya Aprili, na Juja ibaki hadi matokeo ya KCSE yatoke, ambayo kwa miaka hii ya karibuni yamekuwa yakitangazwa Januari. Kati ya matokeo na kufungwa kwa maombi ya KUCCPS kuna nafasi ya kusafiri, na siku zake hutangazwa kila mwaka. Wakati huo mtakuwa mnajua kama Juja imo katika uwezo wake. Ikiwa haimo, nauli itakuwa imesalia mfukoni kwa jambo la maana zaidi. Kinachopotea ni ile kiu ya mapema, na sitakuficha kwamba kwa mtoto mvivu ningeshauri kinyume; lakini mtoto anayekariri Juja, Juja kila likizo hahitaji kuongezewa kiu.

Chagueni siku ya kawaida katikati ya wiki, muhula ukiendelea, na mpige simu kwanza kuhakikisha kwamba hakuna mitihani wala mgomo. Mwezi wa Ramadhani ningeuepuka, si kwa sababu ya safari, ila kwa kuwa kantini na mabweni hayaonekani katika hali yake ya kila siku. Vyuo vingi huwa na siku maalumu za kuwapokea wageni, na hizo si mbaya, kwa kuwa walimu wanakuwepo na maswali hujibiwa kwa tabasamu. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nawe unachokitaka mwanao akione ni ile siku ya jembe: mhadhara wa saa mbili asubuhi ambao nusu ya darasa wamechelewa, foleni ya ofisi ya fedha, bomba lililokauka.

Hata siku ya kawaida humpotosha mtu, na ni vyema ujue linavyotendeka. Akili hupima mahali pazima kwa hali ya siku moja, kisha huamini kwamba imepima mahali, kumbe imepima siku. Mtafiti Uri Simonsohn alichapisha mwaka 2010 uchunguzi kuhusu wanafunzi waliotembelea chuo kimoja cha Marekani kinachosifika kwa ugumu wa masomo, akakuta kwamba waliokitembelea siku ya mawingu mengi walielekea zaidi kujiunga nacho kuliko waliofika siku ya jua, labda kwa sababu siku ya mawingu mtu hujiona akikaa ndani na vitabu bila kujuta. Mawingu hayo hayakuwa na uhusiano wowote na ubora wa chuo. Mwanao naye ataathiriwa na chapati nzuri, na askari mkali langoni, na msichana aliyemwonyesha njia kwa upole. Huwezi kumzuia asiathirike. Unachoweza ni kumpa kazi ya kufanya ili ziara isibaki kuwa hisia tu. (Kwa upande wa Tudor mna bahati ya masika: mvua ya Aprili itawaonyesha bila kuulizwa ni njia zipi za chuo hujaa maji.)

Kazi yenyewe niieleze kwa mfano wa kozi yake. Wiki mbili kabla ya kwenda, mwanao, au mwalimu wake kama simu haziruhusiwi shuleni, aiandikie idara ya uhandisi wa ujenzi aombe kuonyeshwa maabara, kwa barua fupi yenye jina lake, shule yake na siku anayotaka kufika. Langoni utaombwa kitambulisho. Yeye kwa kuwa hajafika miaka 18 abebe kadi ya shule, na nakala ya cheti cha kuzaliwa haitamdhuru. Akifika maabara asishangae mashine. Mashine yoyote mpya hung'aa. Atafute vipande vya zege vya mchemraba, sentimita 15 kila upande, ambavyo wanafunzi wa ujenzi huvimimina kwenye kalibu, huvilaza majini, kisha huvivunja kwa mashine ili kupima nguvu zake, kwa kawaida siku ya 7 na siku ya 28. Kila kipande huandikwa tarehe. Ainame aisome. Tarehe ikiwa ya mwezi huu, maabara ile ina uhai. Ikiwa ni ya miaka mitatu iliyopita na buibui amekwisha kujenga juu yake, hakuna maelezo ya mwenyeji yatakayofuta alichokiona. Nimewahi kuingia maabara moja, sitasema ya wapi, ambamo mashine kubwa ilifunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi vizuri, nami nilipouliza nani aliitumia juma lililopita, fundi wa maabara alicheka akaniambia, "Hiyo ni ya wageni."

Kisha aende kwa wanafunzi wenyewe, wale walioketi chini ya mti na chati zao, si yule aliyeteuliwa kuwatembeza wageni. Maswali matatu yanatosha. Walimu hufika darasani? Mafunzo ya kazini mliyapataje, na ni nani aliyewatafutia? Na la tatu, ambalo Mkenya yeyote aliyepita chuoni atalielewa: alama zenu hutoka zote, au kuna zinazopotea? Mwanafunzi wa mwaka wa nne akiulizwa hilo la alama na kijana mwenzake atajibu kwa dakika kumi bila kupumua. Akiulizwa na mzazi atasema, "Mambo ni sawa, mama."

Hapo tumeingia katika suala la kumwaibisha. Usilichukue kwa uchungu. Kijana wa miaka 17 yuko katika umri wa kujiona anatazamwa na kila mtu, na chuoni anaingia mbele ya watu anaotumaini watakuwa wenzake. Mzazi akimsemea mbele yao anarudishwa utotoni hadharani. Hakukatai wewe. Anakataa kusemewa, na katika hilo ana haki, kwa sababu Septemba ya kwanza ya chuo hutakuwepo kumsemea.

Niliwahi kufuatana na baba mmoja na mwanawe kwenye ofisi ya chuo. Afisa, mama wa makamo mwenye miwani kifuani, alimtazama kijana akamuuliza, "Unataka kusomea nini?" Baba akajibu: "Uhandisi." Akaulizwa kwa nini, baba akajibu tena, kwa ufasaha, kuhusu barabara na bandari na nchi inavyojengwa. Kijana alikuwa akitazama vidole vya miguu yake ndani ya viatu vya wazi. Adhana ya adhuhuri ilipolia baba akaondoka kwenda kusali, nasi tukabaki barazani, na yule kijana akaniuliza kwa sauti ya chini tofauti ya mhandisi wa ujenzi na msanifu majengo ni nini, kwa kuwa yeye alichokipenda ni kuchora nyumba. Alikuwa amelibeba swali hilo tangu nyumbani, na lingerudi naye nyumbani. Babake alikuwa mtu mwema sana.

Kwa hiyo nendeni pamoja hadi langoni, kisha mtengane kwa saa mbili. Yeye aende idarani na kwa wanafunzi. Wewe una kazi yako, tena nzito. Nenda ofisi ya fedha uombe maandishi yanayoonyesha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kozi hiyo hulipa nini, karo peke yake na malipo mengine peke yake, ukikumbuka kuwa uhandisi huchukua miaka mitano, mmoja zaidi ya kozi nyingi. Uliza mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, na misaada mingine hulipwaje na hufika lini, maana taratibu za ufadhili zilibadilishwa mwaka 2023 na zimekuwa na mivutano tangu hapo, na usitegemee ulichosikia kwa jirani ambaye mwanawe aliingia zamani. Nenda kwa mkuu wa wanafunzi uulize vyumba vya bweni hupatikanaje, vinatosha wangapi, na wasiopata hukodi wapi. Ukiweza kuingia chumba kimoja, fungua bomba na utazame tanki. Tembea hadi kwenye nyumba za kukodi zilizo nje ya chuo, uone taa za njiani na uulize bei ya sahani ya maharagwe na chapati, kwa kuwa ndicho chakula atakachokula siku nne kati ya saba, apende asipende. Ukitaka kujua pa kuswalia, au pa kupata daku mwezi wa Ramadhani kwa mwanafunzi aliyeko bara, waulize wanafunzi wa kutoka Pwani. Hawakosi kuwepo, na hawakosi kukukaribisha.

Mkikutana kantini, usimuulize ameionaje. Najua ni vigumu. Mpe daftari aandike, kabla hamjapanda gari, mambo matatu aliyoyaona kwa macho yake na jambo moja lililomtia wasiwasi. Kumbukumbu ya ziara huanza kulainika mara tu safari ya kurudi inapoanza, na baada ya wiki mbili kila chuo huwa kizuri. Mazungumzo yaachie nyumbani, babake akiwa hayuko zamu.

Swali la karibu au mbali sitakuamulia, ila nitakueleza ninavyoona wazazi wakilikosea. Hulipima kwa nauli na upweke tu. Kijana anayesoma Tudor akilala Kisauni ataokoa kodi na sehemu kubwa ya chakula, na hilo kwa familia yenye watoto wengine nyuma yake si dogo. Lakini jioni atapoteza muda kwenye msongamano wa daraja la Nyali, atatumwa dukani kama alivyokuwa akitumwa, na kazi za vikundi, ambazo ndizo roho ya masomo ya uhandisi, hufanyika usiku bwenini wakati yeye yuko nyumbani. Ikiwa mtachagua Tudor, muwe na makubaliano kwamba saa zake za kusoma ni za kusoma. Anayekwenda Juja atajifunza kujitegemea upesi, au atakosa kujifunza na kuumia, na mzazi atajua hilo kwa kuchelewa. Mtoto mnamjua ninyi. Je, akipewa pesa za wiki huzifikisha Ijumaa?

Kuna mambo ambayo ziara haiwezi kuyaonyesha na usiyatafute kwa macho. Kozi kuwa imeidhinishwa ni moja. Hakikisha kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kwa uhandisi, hakikisha pia kwamba inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya, kwa sababu asiyesajiliwa na bodi hiyo hawezi kujiita mhandisi kisheria hata akiwa na shahada mkononi. Fanya hivyo kwa kila kozi atakayoiandika, hata ya chuo chenye jina.

Yako pia mambo yanayotaka mtu wa kuonana naye uso kwa uso, si barua kama hii. Mwalimu wa ushauri wa kazi shuleni kwake anazijua alama zake za majaribio kuliko wewe na mimi. Mwone siku ya kufunga shule, muulize bila kuzunguka kama uhandisi uko karibu au mbali. Dawati la HELB liko katika Kituo cha Huduma hapa Mombasa. Ikiwa mwanao ana ulemavu, au maradhi kama pumu au selimundu, usiandike chuo chochote kabla hujaifikia zahanati ya chuo hicho na kuzungumza na daktari anayemtibu, hasa ukifikiria vyuo vya Njoro au Eldoret, ambako ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari na baridi yake si ya mchezo; baridi ni miongoni mwa mambo yanayoamsha maumivu ya selimundu. Na ikiwa kununa kwake kumepita kule kununa kwa umri wake, yaani halali usingizi, hali chakula, amejitenga na marafiki, au amesema neno lolote la kutotaka kuishi, basi habari ya vyuo iwekeni kando kwanza. Mpeleke hospitali au kwa mshauri nasaha siku hiyo hiyo, wala msingoje mtihani upite.

Kuhusu babake, sidhani atakataa ukimwambia kwamba hutafuti nafasi, kwamba safari ya kwanza ni Tudor, na kwamba unamtaka yeye ndiye aende na mwanawe siku yake ya mapumziko. Mtu wa bandari ameona magati yakijengwa na ameona wahandisi wakibishana juani. Ana mengi ya kumweleza mwanawe njiani, mradi akifika ofisini anyamaze. Siku ya kwanza ya likizo mpe mwanao simu, apige idarani Tudor mwenyewe aulize siku ya kuja. Wewe kaa jikoni, na hata ukimsikia akigugumia, usitoke.